Jicho la Mtazamaji na Jicho la Mnyama: Uhakiki wa Among the Elephants kwa Mwanga wa Slufay ya Wairaqw

Ikisiri

Makala hii inahakiki kitabu cha Among the Elephants cha Iain na Oria Douglas-Hamilton, kilichochapishwa mwaka 1975, kinachosimulia maisha ya tembo wa Ziwa Manyara. Kitabu hicho kinasomwa sambamba na slufay, utanzu wa dua na baraka wa jamii ya Wairaqw wanaoishi katika nyanda za juu za Mbulu, ikiwamo kata ya Maretadu. Hoja kuu ni kwamba kitabu kinampa binadamu uwezo wa kutazama na kumfanya mnyama kuwa mtazamwaji, ilhali slufay inaanzia upande wa pili: mnyama naye ana jicho, na usalama wa mtu unategemea jicho hilo lisimwone. Makala inahitimisha kwamba utazamaji wa utulivu ni nafasi ya kijamii ambayo si kila mtu anayo, na kwamba uhakiki usiolizingatia jambo hilo unawaacha nje ya matini watu wanaoishi karibu zaidi na wanyama.

1.0 Utangulizi

Fasihi inayohusu kutazama wanyamapori ina mwenendo wake unaotambulika. Mtu mmoja, aghalabu mgeni, huingia mahali palipo mbali na mji. Hukaa kwa muda mrefu, hujifunza kunyamaza, na hatimaye wanyama humzoea. Msomaji hufuata safari ya mgeni huyo kutoka katika kutojua hadi katika kujua. Among the Elephants ni mojawapo ya matini mashuhuri za mkondo huu katika Afrika Mashariki. Iain Douglas-Hamilton, aliyetoka katika ukoo wa makabaila wa Uskoti, alifika Manyara katikati ya miaka ya 1960 kuwatafiti tembo, na utafiti huo ulimpatia shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1972. Kitabu kilichofuata kiliwafikia wasomaji ambao wasingeisoma tasnifu ya sayansi.

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960, ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Juu ya ukingo huo kuna msitu wa Marang na nyanda za Mbulu, nchi ya Wairaqw. Maretadu imo katika nyanda hizo, upande wa kusini-magharibi, na haipakani na hifadhi. Umbali huo una maana katika uhakiki huu. Haulengi kupima madhara ya tembo katika kijiji fulani. Unalenga kuchunguza namna mbili za kumwelewa mnyama wa porini, zilizokua karibu karibu bila moja kuisoma nyingine.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki unaongozwa na nadharia ya uhakiki wa kiikolojia, iliyopata umbo lake la kitaaluma kupitia mkusanyiko wa Cheryll Glotfelty na Harold Fromm wa mwaka 1996. Nadharia hii huchunguza uhusiano wa fasihi na mazingira halisi. Udhaifu wake, hasa katika hatua zake za awali, ni kulichukulia pori kama mahali pasipo na watu, kisha kumsifu mwandishi kwa kulielezea vizuri. Kwa sababu hiyo inasaidiwa hapa na hoja ya John Berger katika insha yake ya Why Look at Animals?, iliyomo katika kitabu cha mwaka 1980. Berger anachunguza jinsi kutazamana kwa mtu na mnyama kulivyokatika katika jamii za viwanda, hadi mnyama akabaki kuwa kitu cha kutazamwa tu. Swali linalotokana na hoja hiyo ni jepesi kuuliza lakini zito kujibu: katika matini hii, ni nani anayemtazama nani, na kila mmoja amesimama wapi?

3.0 Jicho la Mtazamaji katika Among the Elephants

Mafanikio makubwa ya kitabu ni kumtoa tembo katika kundi na kumpa nafsi. Mtafiti aliwatambua tembo mmoja mmoja kwa kuangalia mipasuko na matundu ya masikio na umbo la pembe zao. Kutokana na utambuzi huo ilibainika kwamba tembo majike huishi katika familia zinazoongozwa na jike mkubwa, na kwamba familia zenye uhusiano wa damu hukaa karibu karibu. Ugunduzi huu wa kisayansi ndio uliowezesha mtindo wa kifasihi wa kitabu. Tembo akishatambulika anaweza kuwa mhusika, na mhusika anaweza kuwa na tabia, historia na kifo kinachomgusa msomaji.

Uumbaji wa wahusika umefanywa kwa ustadi. Boadicea ni kiongozi wa familia kubwa, mwenye vitisho vingi ambavyo aghalabu huishia njiani. Virgo ni mpole, mwenye pembe moja, anayemsogelea mtu kwa udadisi. Kinyume chao ni majike waitwao Torone, ambao hawatishi bali hushambulia kweli. Msomaji anajifunza kuwatofautisha kama anavyotofautisha wahusika wa riwaya, na mafunzo hayo yana uzito wa kimaadili, kwa maana ni vigumu kukubali kuuawa kwa kiumbe ambaye jina na tabia yake vinajulikana. Katika wakati ambapo wataalamu walibishana iwapo tembo wapunguzwe kwa risasi ili kuokoa miti, mtindo huu wenyewe ulikuwa hoja.

Hata hivyo, majina yenyewe yanastahili kuhojiwa. Boadicea alikuwa malkia wa Uingereza ya kale aliyewaongoza watu wake dhidi ya utawala wa Roma katika karne ya kwanza. Jina hilo linamweka tembo wa Manyara ndani ya historia ya Ulaya, na linamchukulia msomaji kuwa mtu anayeijua historia hiyo. Kutoa jina ni kudai ujirani. Jirani wa tembo hawa katika lugha ya kitabu ni msomaji wa London, ingawa kwa miguu jirani yao ni mkulima wa juu ya ukingo.

Usimulizi nao umegawanywa. Kitabu kina sauti mbili za nafsi ya kwanza, ya Iain na ya Oria, na mgawanyo huo unavunja ukavu wa sauti moja ya mwanasayansi. Oria anaingiza nyumba, chakula, hofu na malezi. Tukio ambalo wasomaji wengi hulikumbuka ni lile la mama kumpeleka mtoto wake mchanga, Saba, mbele ya Virgo, naye tembo akanyoosha mkonga kumnusa. Hapa kitabu kinakaribia kuvuka mpaka wake: kwa kitambo kifupi mnyama ndiye anayechunguza, na binadamu ndiye anayechunguzwa. Lakini masharti ya tukio hilo hayana budi kutajwa. Mama huyo hana shamba la mahindi nyuma yake, naye Virgo hakuja kutafuta chakula. Kuaminiana kwao ni kwa kweli, ila kumejengwa mahali ambapo hakuna anayeweza kumnyang'anya mwenzake riziki.

Sauti ya tatu ingewezekana. Mhoja, Mtanzania aliyefuatana na mtafiti katika kazi ya porini, anaonekana katika matini kama mtu jasiri na hodari wa kusoma nyayo. Ujuzi wake unasifiwa, lakini hasimulii. Msomaji anajua alichokiona kwa kuwa wengine wameeleza kwamba alikiona. Wakulima wa nyanda za juu wako mbali zaidi. Kwa sehemu kubwa wanajitokeza kama mashamba yanayosogea, yaani kama shinikizo juu ya hifadhi iliyo finyu. Kwa upande wa takwimu maelezo hayo hayana kosa, kwani hifadhi ilikuwa finyu na mashamba yalikuwa yakiongezeka. Kasoro ni ya kisimulizi. Tembo wamepewa ukoo na tabia, ilhali watu wamebaki kuwa mwelekeo wa idadi.

4.0 Kisiwa cha Rum: Mfano wa Uskoti

Kasoro hiyo si ya kitabu kimoja wala ya Afrika peke yake. Uskoti, asili ya ukoo wa mwandishi, inatoa mfano unaoiweka Manyara katika mizani. Tai wa baharini mwenye mkia mweupe alitoweka katika Visiwa vya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya kuwindwa. Mwaka 1975, mwaka uleule wa kuchapishwa kwa Among the Elephants, ulianza mradi wa kumrejesha. Hadi mwaka 1985 makinda 82 kutoka Norway yalikuwa yameachiliwa katika kisiwa cha Rum, na mwaka huohuo kinda la kwanza lililozaliwa porini liliruka katika kisiwa cha Mull. Leo wageni huvuka bahari kwenda kuwatazama tai hao, na maandishi kuhusu safari hizo yanafuata mwenendo uleule wa mgeni, ukimya na mnyama anayejitokeza.

Ukimya wa Rum, hata hivyo, una tarehe. Mwaka 1826 wakazi wapatao 300 wa kisiwa hicho walisafirishwa kwenda Nova Scotia, Kanada, ili ardhi ifugiwe kondoo. Kisiwa kilipofanywa hifadhi mwaka 1957 kilikuwa kimekwisha kuwa na watu wachache sana kwa zaidi ya karne. Mwandishi anayesifu upweke wa mahali hapo anasifu, pasipo kukusudia, matokeo ya uhamisho huo. Katika visiwa ambavyo watu walibaki, utazamaji una mgogoro: wafugaji hulalamika kwamba tai huchukua wanakondoo, na serikali ya Uskoti imelazimika kuwa na mpango wa kuwasaidia. Mtalii na mfugaji wanamtazama ndege mmoja. Mmoja anaona uzuri uliorudi. Mwingine anahesabu kundi lake.

Ulinganisho huu unafaa kwa sababu Mbulu nayo ilikuwa katika msukosuko wa makazi wakati kitabu kikichapishwa. Utafiti wa mwanahistoria Yusufu Lawi kuhusu Operesheni Vijiji katika mashariki ya nchi ya Wairaqw kati ya mwaka 1974 na 1976 unaonesha kwamba kuhamishwa kwa kaya kwenda vijijini kuligusa pia namna watu walivyoyaelewa mazingira yao. Wakati tembo wa chini ya ukingo wakipata wasifu wao kwa Kiingereza, baadhi ya watu wa juu ya ukingo walikuwa wakihamishwa kutoka katika makazi waliyoyajua kila jiwe na kila kijito.

5.0 Jicho la Mnyama katika Slufay

Ili kuisikia sauti iliyokosekana hakuna haja ya kuibuni. Wairaqw wana utanzu wa fasihi simulizi uitwao slufay, ambao umewashughulisha watafiti kadhaa, akiwamo Shohei Wada aliyechapisha makala kuuhusu mwaka 1976. Slufay hutolewa na mzee katika mkusanyiko, naye hadhira huitikia kila kipande cha usemi, kiasi kwamba dua inakuwa kauli ya wote. Huombwa mvua, uzazi, amani na kinga. Huelekezwa kwa Looaa, uungu wenye huruma unaohusishwa na jua, huku neetlaangw, pepo wa mitoni, wakihofiwa.

Lawi aliipa tasnifu yake ya mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Boston kichwa chenye umbo la dua: kinauomba utando wa buibui uwapofushe wachawi na wanyama wa porini. Taswira hiyo inastahili kusomwa kwa makini yaleyale yanayotolewa kwa ushairi ulioandikwa.

Kwanza, taswira inakiri kwamba mnyama anaona. Katika Among the Elephants kuona ni kazi ya binadamu, nayo imesaidiwa na gari, kamera na ndege. Katika dua, jicho la kwanza ni la mnyama. Binadamu si mtazamaji aliyejificha bali ni yule anayetafutwa, na mali yake, yaani mazao, mifugo na watoto, imo ndani ya upeo wa jicho hilo.

Pili, chombo kinachoombwa ni dhaifu mno. Utando wa buibui hauzuii tembo wala simba. Nguvu ya taswira inatokana na udhaifu huohuo: mwombaji haombi ukuta, mkuki wala kifo cha mnyama. Anaomba kiwekwe kitu chembamba kati ya jicho na kinachotazamwa, ili kila mmoja apite njia yake. Huu ni mpaka usiohitaji bunduki, nao unakubali kwamba mnyama ataendelea kuwapo kesho.

Tatu, mnyama amewekwa pamoja na mchawi. Wote wawili ni viumbe vya nje vinavyoingia ndani usiku. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Wairaqw, anaeleza jinsi jamii hii inavyoijenga nchi yake, aya, kwa mipaka inayothibitishwa kwa tambiko. Kwa msingi huo, dua ya utando ni sehemu ya kazi ya kutenga ndani na nje. Hata usanifu wa nyumba ulishiriki kazi hiyo: nyumba za jadi zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, zenye paa lililolingana na ardhi, zilikusudiwa zisionekane na wavamizi. Jamii iliyojenga nyumba ya kutoonekana iliomba pia dua ya kutoonekana.

Nafasi ya Maretadu inaeleweka zaidi hapa. Wairaqw walienea kutoka kiini chao cha Irqwa Da'aw kwenda magharibi na kusini, hasa katika karne ya 20, wakiingia katika ardhi ambayo bado ilikuwa na pori. Katika maeneo ya namna hiyo dua ya kufumba macho ya wanyama haikuwa kumbukumbu ya kale. Ilikuwa sehemu ya kuanzisha makazi, kama kusafisha shamba na kujenga zizi.

6.0 Mjadala: Kutazama, Kulinda na Kushuhudia

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia katika kuisifu slufay na kukishutumu kitabu. Slufay nayo ina upofu wake. Kwa kumweka mnyama upande mmoja na mchawi, inamnyima mnyama nafsi: hakuna Boadicea wala Virgo ndani yake, kuna wanyama wa porini kwa ujumla. Haitoi maarifa ya ukoo wa tembo, na mtu aliyeilelewa peke yake asingekuwa na sababu ya kumlilia tembo aliyeuawa kwa ajili ya pembe. Tena, sauti yake ya hadhara ni ya wazee, kwa hiyo mwanamke na kijana anayelala shambani usiku hawasikiki moja kwa moja. Hadithi za Wairaqw alizozikusanya na kuzichapisha W. D. Kamera katika miaka ya 1970 zinaweza kuwa mahali pa kuzitafuta sauti hizo.

Hata hivyo, kuziweka matini hizi mbili pamoja kunafichua jambo ambalo kila moja inalificha. Kiswahili chenyewe kinalisema kwa vitenzi vyake. Mtalii hutazama furukombe juu ya ziwa. Mwindaji huvizia. Mkulima hulinda shamba akiwa juu ya dungu, na mtoto huamia ndege wasile nafaka. Wote wamekaza macho kwa mnyama, pengine kwa saa nyingi zilezile, lakini ni kitenzi cha kwanza tu ambacho fasihi hii imekipa hadhi ya maarifa. Mlinzi wa dungu anajua njia ya wanyama, saa yao na woga wao. Anajua akiwa na usingizi na bila daftari, na ndiyo sababu ujuzi wake haujahesabiwa kuwa utafiti.

Majike ya Torone yanaipa hoja hii uzito. Kitabu kinaweza kueleza namna wanavyoshambulia, lakini swali la walikojifunzia uadui huo linamtoa msomaji nje ya mpaka wa hifadhi, mahali ambapo msimulizi hana gari wala makazi. Jibu lake lingehitaji shahidi aliyeko huko. Mtazamo mmoja, hata uwe mvumilivu kiasi gani, hauwezi kuikamilisha historia ya mnyama anayeishi kati ya watu wa aina mbili.

Jambo hili lina athari nje ya fasihi. Mwaka 2009 msitu wa Marang uliunganishwa na hifadhi, na mpaka ukapanda hadi juu ya ukingo. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, na kanuni za mwaka 2011 zikaweka malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Istilahi hizo ni taswira za kifasihi ndani ya sheria, nazo zinastahili kuhakikiwa. Hazisemi fidia. Jasho na machozi ni vitu vya mwilini vinavyofutwa na mtu mwenye huruma, haviwi deni linalodaiwa. Kiwango cha kifuta jasho huongezeka kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, maana yake aliye karibu zaidi na jicho la mnyama hupewa kidogo zaidi. Na ili alipwe, madai yake sharti yathibitishwe na afisa. Mkulima aliyeona usiku anahitaji mtu mwingine aone mchana. Mpangilio huo ndio ule wa Mhoja katika kitabu: anayeona ni mmoja, anayeaminiwa kuwa ameona ni mwingine.

7.0 Hitimisho

Among the Elephants kinabaki kuwa kazi yenye thamani. Kilimpa tembo uso katika wakati alipohitaji kutetewa, na upekee wa usimulizi wake wa sauti mbili haujapata mrithi wengi. Upungufu wake hauko katika mapenzi yake kwa tembo. Uko katika kudhani kwamba nafasi ya kutazama kwa utulivu ni nafasi ya binadamu kwa ujumla, ilhali ni nafasi ya mtu ambaye chakula chake hakimo katika njia ya tembo. Slufay inaikumbusha fasihi hii kwamba mtazamaji naye huonekana, na kwamba kwa watu wengi utu wa kuishi jirani na wanyama umekuwa ni kupata usiku mmoja bila kuonekana.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza, slufay zikusanywe kwa Kiiraqw pamoja na tafsiri ya Kiswahili, hasa katika maeneo kama Maretadu ambayo hayako kando ya hifadhi na kwa hiyo hayavutii watafiti wa uhifadhi, huku wazee wanaozijua wakiwa hai na muktadha wa utendaji wake ukirekodiwa. La pili, matini za watazamaji wa wanyamapori zinapofundishwa katika fasihi ya mazingira zisisomwe peke yake, bali zisomwe pamoja na fasihi simulizi ya majirani wa wanyama haohao. Mwanafunzi aliyesoma zote mbili atamjua Boadicea kwa jina na kwa sikio lake. Atajua pia kwamba katika nyanda zilizo juu ya ukingo, usiku uleule Boadicea alipokuwa akitembea, kulikuwa na mtu aliyekuwa akiomba utando wa buibui.